Mbona Humpigi? Tafakuri juu ya Mchezo wa Kutisha Usio na Silaha

Usiku mmoja wa likizo, katika nyumba yetu ya Izki, mpwa wangu wa miaka kumi na saba aliketi sebuleni mbele ya kompyuta, taa zimezimwa, hedifoni ameziweka kando kwa sababu bibi yake alitaka naye asikie kinachoendelea. Kwenye kioo palionekana ukumbi wa ngome ya kale, na mwisho wa ukumbi kitu kisichotambulika kilikuwa kinajikokota. Kijana akarudi nyuma, akafungua kabati, akaingia, akaufunga mlango. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Oman akiwa msichana, akamtazama kwa muda, kisha akauliza kwa ule utani wa bibi na mjukuu:

"Mume wangu, mbona humpigi?"

"Hakuna cha kumpigia, bibi. Mchezo huu hauna silaha."

"Sasa raha yake nini?"

Swali hili nimelibeba tangu usiku ule, nami naona ni zito kuliko lilivyosikika. Lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya ufundi: mchezo wa kutisha usiomruhusu mchezaji kupigana humshikaje mtu hadi usiku wa manane? Nusu ya pili ni ya maadili: ni jambo la namna gani mtu aliye salama nyumbani kwake kujitafutia unyonge uwe burudani, tena mbele ya mtu ambaye unyonge aliwahi kuujua kwa mwili wake? Nitajaribu kuonyesha kwamba nusu hizi hazitenganiki, na kwamba kinachoufanya mchezo wa namna hii ufaulu ndicho hichohicho kinachoufanya uwe na la kutuambia sisi.

Tuanze na silaha yenyewe. Katika michezo mingi ya kutisha, bunduki ndiyo lugha ya kwanza anayofundishwa mchezaji. Adui akitokea, akili huuliza zimebaki risasi ngapi, na wala haifiki kuuliza huyu ni nani. Silaha hugeuza fumbo kuwa hesabu. Hata zikibaki risasi tatu tu, hofu imekwisha kupewa kipimo, na hofu yenye kipimo imekwisha kupungua. Wako waliolitambua hili mapema. Mwaka 1995 kampuni ya Human ya Japani ilitoa Clock Tower, mchezo ambamo msichana yatima aitwaye Jennifer anawindwa ndani ya jumba kubwa na mtu mwenye mkasi mkubwa mno. Jennifer hana la kumfanya ila kukimbia, kujificha, na mara mojamoja kukitumia kitu kilicho karibu ili apate mwanya wa kutoroka.

Kampuni ya Frictional Games, wakati huo ikiwa Helsingborg, Uswidi, ilifika hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Katika Penumbra: Overture, mchezo wao wa mwaka 2007, mchezaji alipewa nyundo na sururu. Mapigano yalifanywa mazito na ya kutatiza kwa makusudi, ili mtu ayakimbilie tu anapokosa njia nyingine. Lakini mkono ulioshika nyundo hutafuta cha kugonga. Wachezaji wakapigana, wakalalamika kwamba mapigano ni mabaya, na hofu ikageuka kero. Katika sehemu ya pili, Penumbra: Black Plague ya mwaka 2008, silaha zikaondolewa kabisa. Miaka miwili baadaye ikaja Amnesia: The Dark Descent, nao ndio mchezo alioucheza mpwa wangu usiku ule. Funzo ni dogo lakini la kukumbukwa: kumpa mtu silaha mbovu na kutompa silaha ni mambo mawili tofauti. Mwenye silaha mbovu hukasirikia silaha yake. Asiye nayo hubaki na macho na masikio yake.

Hata hivyo, kuondoa silaha peke yake hakutoshi. Iko michezo mingi iliyoiga umbo hilo na isimtishe mtu, kwa sababu mchezaji asiye na silaha anayefukuzwa ukumbini bila la kufikiri amewekwa katika mbio tu. Yanahitajika mambo mengine, na naona matatu ya ufundi yatangulie.

La kwanza ni kusoma ishara. Nani asiyejua, miongoni mwetu wa Izki, hali ya kupita magharibi katika mtaa mkongwe wa al-Yaman? Nyumba za udongo zimehamwa, dari nyingi zimeanguka, vichochoro ni vyembamba na milango ni mifupi. Hakuna kinachoonekana cha kutisha. Kinachotisha ni kwamba kila kitu kimekuwa ishara: jiwe lililoporomoka, mbuzi aliyenyamaza ghafla, hatua zako mwenyewe zinazorudishwa na ukuta. Masimulizi ya mji yanalitaja pango la Jarnan, na sanamu ya kale, na majini. Na jirani yetu Bahla unajulikana Oman nzima kwa habari za majini. Lakini simulizi hizo huwa hazimwonyeshi jini. Humfanya msikilizaji amtafute kila upande.

Mchezo mzuri usio na silaha hufanya kazi hiyohiyo. Katika Amnesia mlango haufunguki kwa kubonyeza tu. Mchezaji hulazimika kukishika kipanya na kuuvuta mlango kwa mkono, kidogo kidogo, na akitaka huuacha wazi kiasi cha kuchungulia. Mahali maarufu kuliko pote katika mchezo huo ni hifadhi ya nyaraka iliyofurika maji. Humo mna kiumbe kisichoonekana kabisa. Unachokiona ni maji yanayorushwa na miguu yake. Unaruka kutoka sanduku hadi sanduku, unatupa kipande cha nyama upande mmoja ili kimvute, kisha unakimbilia upande wa pili. Waliotunga mahali hapo hawakumchora zimwi. Wamechora athari yake, na sehemu iliyobaki wamemwachia mchezaji aimalize. Bibi zetu walilijua hilo walipotusimulia hadithi ya msichana aliyefungiwa na zimwi ndani ya ngoma na kulazimishwa kuimba. Zimwi lenyewe halikuelezwa sana sura yake. Tulichokishika ni sauti ya mtoto inayotoka mahali isipostahili kutoka. Na tukumbuke kwamba msichana yule hakuwa na silaha. Aliokolewa na sauti yake, kwa sababu nyumbani kwao walikuwepo walioitambua.

Hapa pana mizani ya kuangaliwa. Zimwi likijulikana mno, likapita njia ileile kwa wakati uleule, huwa kama basi lenye ratiba: mtu husubiri lipite akavuka. Lisipojulikana hata chembe, mchezaji hana la kujifunza, na kushindwa kwake kunakuwa bahati mbaya tu. Kwa hiyo anayetunga hana budi kumpa mchezaji elimu ya kumwezesha kutumaini, asimpe elimu ya kumwezesha kutulia.

Jambo la pili ni kwamba maficho lazima yawe na gharama. Katika Amnesia giza humficha Daniel, mhusika anayechezwa, lakini giza hilohilo humla akili: akikaa humo muda mrefu macho yake hufifia, kuta huonekana kutikisika, masikio husikia visivyopo. Mwanga humtuliza lakini humfichua, na mafuta ya kandili yake ni machache. Hata kumtazama adui ni hatari, kwa maana kumkodolea macho huidhoofisha akili, hivyo mchezaji hutamani kuona na kuogopa kuona kwa wakati mmoja. Katika Outlast, mchezo wa mwaka 2013 wa kampuni ya Red Barrels ya Montreal, mwandishi wa habari aliyeingia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ana kamera tu. Kamera humwezesha kuona gizani, na kadiri anavyoona ndivyo betri inavyokwisha. Hujificha makabatini na chini ya vitanda. Kanuni ni moja: pasiwe na mahali ambapo mtu anapata usalama bila kulipa kitu. Wasomaji wenye asili ya Pemba na Unguja watakumbuka mwaka 1995, habari za Popobawa zilipoenea, jinsi watu walivyozihama nyumba zao usiku na kulala nje kwa makundi. Nyumba, ambayo kwa kawaida ndiyo maficho, ilikuwa imegeuka mahali pa kuogopwa, na usalama ulilipiwa kwa usingizi na faragha. Sisemi chochote hapa kuhusu ukweli wa Popobawa. Nasema tu kwamba hofu ile iliwashika watu kwa sababu iliwanyang'anya kona yao.

Jambo la tatu nitalipitia upesi: kifo kitumiwe kwa uchache. Mtu akiuawa mara kumi mahali pamoja huanza kuona mitambo nyuma ya pazia, na anachobaki nacho ni uchovu. Ndiyo maana katika Amnesia mchezaji akiuawa na kurejeshwa, huenda asimkute tena yule zimwi pale alipokuwa. Kitisho kikubwa ni kile ambacho hakijatimizwa.

Hayo ndiyo ya ufundi. Sasa nirudi kwa mama.

Alikaa karibu saa nzima usiku ule. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba alikuwa anasahihisha. Daniel alipojibanza kabatini akihema, alisema kimya kimya, "Anahema sana. Huyo angeshapatikana." Na kiumbe kilipopita na kusimama mbele ya mlango, mama akasema sentensi ambayo sijaikuta katika maandishi yoyote ya ufundi wa michezo: "Hatua zinazokuja huziogopi sana. Unaziogopa zilizosimama."

Alikuwa na umri wa miaka kumi mwezi Januari 1964. Sisi watoto wake tulijua kwamba alikuwepo Unguja siku zile, lakini hatukupata kusimuliwa. Nyumba nyingi za Waomani waliotoka Zanzibar zina chumba kama hicho, ambacho watu hukipita bila kukifungua. Si nia yangu hapa kuhukumu mapinduzi yale. Kazi hiyo ina wenyewe, na ina vitabu vyake vinavyopingana. Ninachotaka kukitazama ni kitendo kimoja cha mtoto chini ya kitanda, na haki ya mchezo wa kompyuta kukiiga.

Kuna pingamizi la wazi, nalo ni la haki. Mpwa wangu angeweza kuizima kompyuta wakati wowote akaenda kula halua. Unyonge wa kujichagulia si unyonge. Anayecheza kujificha huku mlango wa nyumba yake umefungwa vizuri anaweza kudhani kwamba sasa anajua jambo ambalo halijui, na kudhani huko ni dhuluma ndogo kwa waliolijua. Ningekuwa tayari kuishia hapo, kama nisingaliona kilichotokea baadaye.

Tukumbuke mtoto wa kiume hulelewa katika nini huku kwetu. Siku ya harusi huona majambia kiunoni na wanaume wakicheza razha na panga mkononi. Safari ya shule humpeleka katika ngome ya Nizwa, akaonyeshwa mizinga na matundu ya kumiminia asali ya moto juu ya adui. Ushujaa una nyimbo na majengo yake. Kujificha hakuna wimbo. Kiswahili angalau kina hekima moja inayotetea upande huo, isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini hata methali hiyo imemwita anayejificha mwoga. Mchezo usio na silaha, kwa saa kumi hivi za kuucheza, humfundisha kijana kwa vidole vyake kwamba kujificha ni kazi. Kunahitaji subira, kumbukumbu ya njia, kuuzuia mwili usiseme, na kuupima wakati wa kutoka. Hakumpi uchungu wa bibi yake, wala hakupaswi kudai kumpa. Kunamwondolea tu dharau. Na dharau ilipoondoka, swali lilipata nafasi. Mpwa wangu aliusimamisha mchezo, akageuka, akauliza jambo ambalo mimi kwa miaka hamsini sikuthubutu: "Bibi, wewe ulijificha wapi?"

Alijibu kwa sauti ya kawaida, kana kwamba aliulizwa chumvi iko wapi. Chini ya kitanda cha besera, nyuma ya sanduku, na mdogo wake. Watu walikuja hadi mlangoni. Mwanamke mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi nyumbani mwao ndiye aliyesimama kizingitini. Akawaambia, "Humu hamna mtu. Nimebaki mimi peke yangu." Hatua zikasimama, kisha zikaondoka.

Laiti ningemalizia hapa, insha ingekuwa na mwisho mwema: mchezo umefungua chumba, kijana amemtambua bibi yake. Lakini Amnesia yenyewe haimruhusu mchezaji kuishia hapo, na ndilo jambo la nne, ambalo naliona kubwa kuliko yale matatu.

Daniel anaamka mwaka 1839 katika ngome ya Brennenburg huko Prusia bila kujua ametendewa nini. Anakuta barua aliyojiandikia mwenyewe, inayomweleza kwamba alikunywa dawa ya kusahau kwa hiari yake. Kwa muda mrefu mchezaji huamini kwamba anamchezea mtu aliyeonewa. Hana silaha, anawindwa, anatetemeka gizani. Ni nani angemshuku? Kidogo kidogo kurasa za shajara anazoziokota humrudishia matendo yake. Katika ngome ileile, akiisaka nusura yake, Daniel alishiriki kuwatesa watu wasio na hatia. Vyumba anavyovipita kwa woga vina vyombo alivyovitumia mwenyewe. Hakuinywa dawa ili kuwasahau waliomdhulumu. Aliinywa ili asijikumbuke.

Naamini hapa ndipo mchezo wa kutisha usio na silaha unapofikia kilele cha uwezo wake, na ndipo michezo mingine ya aina yake inapoishia njiani. Mchezaji amenyimwa kuua. Sasa ananyimwa na lile kimbilio jingine, la kuamini kwamba asiyeweza kuua hana hatia. Unyonge wa leo hauthibitishi usafi wa jana. Mtu aweza kuwa chini ya kitanda na bado akawa na barua ya kusomewa.

Mpwa wangu alikuwa ameshazisoma kurasa zile. Pengine ndiyo maana hakumshangilia bibi yake kwa kunusurika, kama nilivyotaka kufanya mimi. Aliuliza, "Yule mwanamke wa mlangoni jina lake nani?"

Mama akalitaja jina walilomwita watoto wa nyumba, jina la kubembeleza, lisilo la mtu kamili.

"Na la baba yake?"

"Hatukuuliza."

"Kwao wapi?"

"Bara. Wakubwa walisema bara. Bibi yake ndiye aliyekuja."

Akanyamaza, kisha akajisahihisha kama alivyokuwa akimsahihisha Daniel. "Hakuja, mwanangu. Aliletwa."

Sisi wasomaji wa jarida kama hili tunazijua tarehe. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa hadhi ya kisheria visiwani. Huku Oman ulidumu hadi 1970. Mitende ya Oman na mikarafuu ya Unguja na Pemba ilitunzwa pia na mikono iliyoletwa kwa nguvu, na mingi ya mikono hiyo haikuandikwa popote. Tunazijua tarehe hizo kama wasomi. Kama wana wa nyumba zetu, tumezoea kuuanza usimulizi Januari 1964, pale sisi tulipokuwa chini ya kitanda. Kabla ya hapo tunakumbuka harufu ya karafuu, baraza, na taarabu. Simlaumu mama, ambaye alikuwa mtoto wa miaka kumi na hakumtenda mtu yeyote ubaya. Nazungumzia dawa tunayonyweshana kwa mapenzi, kizazi baada ya kizazi, ili simulizi yetu ya kujificha isiwe na watu wengine waliojificha kabla yetu. Bibi wa yule mwanamke, kabla ya kuletwa, bila shaka naye aliwahi kusikia hatua zikisimama.

Na bado mjukuu wake alisimama mlangoni. Hakuwa na silaha. Angeweza kusema ukweli, na pengine ukweli ungemlipa. Sijui aliwaza nini, na sina haki ya kumtungia mawazo mazuri yatakayonistarehesha. Najua tu kwamba mimi nipo, na mpwa wangu yupo, kwa sababu ya maneno yake machache, na kwamba katika nyumba iliyookolewa naye hakuna aliyejua jina la baba yake.

Basi nirudi kwenye swali la mama: raha yake nini? Mchezo wa kutisha usio na silaha hushika kwa sababu humfungia mtu milango miwili anayoizoea, wa kupiga na wa kusahau, kisha humwacha ndani na kilichobaki: kusikiliza, kungoja, na kusoma kilichoandikwa ukutani hata kama kimeandikwa kwa mkono wake. Sina hakika kwamba neno raha linafaa kwa hali hiyo. Lakini mpwa wangu alirudi kuucheza usiku wa pili, na mama alirudi kuketi.

Siku iliyofuata tulikwenda wote watatu hadi Falaji al-Malki, mojawapo ya mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mama hupenda kuchovya miguu pale maji yanapotokeza nje baada ya safari yao ndefu chini ya ardhi. Mpwa wangu alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiarabu, kwa jamaa yetu aliyebaki Unguja, akimwomba awaulize wazee wa mtaa kama kuna anayemkumbuka mwanamke aliyefanya kazi katika nyumba fulani kabla ya 1964. Alimuuliza bibi yake nyumba ilikuwa upande gani wa msikiti, mlango ulitazama wapi, na besera ilikuwa chumba gani. Mama alimjibu yote bila kusita.

Mpaka ninapoandika haya, jina halijapatikana.